Baba Akilala Anakumbuka

Kijiji Kipya, Manyatta, Embu
6 Februari 1955

Kwa Dada Jedidah, daktari mkuu wa mabeseni ya wagonjwa,

Salamu nyingi. Mimi ndugu yako Gichovi ni mzima wa mwili wote isipokuwa jino moja la mbele, na habari ya hilo jino inakuja. Nakuandikia Kiswahili makusudi. Huku homgadi, wenzetu waliopewa bunduki na serikali, wanaojua kusoma wanajua Kiembu cha misheni tu, Kiswahili kikiwashinda wanakuja kuniuliza mimi, mimi niliyeacha shule darasa la nne baada ya kulirudia ili nilijue vizuri. Na barua hii haipiti posta. Imelala ndani ya gunia tupu kwenye lori la Burale, yule Msomali wa Meru mjini anayetuletea unga. Ana pasi ya kupita kila kizuizi, na askari wanaogopa vumbi la magunia yake. Jibu mpe yeye.

Sasa Baba. Baba halali, dada.

Unajua walivyotutoa kwenye mashamba. Nyumba yetu walichoma na ghala likiwa na mtama ndani. Sasa tumebanwa hapa kama ndizi kikapuni, handaki limetuzunguka, chini ya handaki kuna vijiti vilivyochongwa mpaka vinaweza kutoboa sahani, lango ni moja, na juu ya lango kuna mnara wa homgadi. Kafyu ikianza, anayeonekana nje ni risasi. Haulizwi jina.

Basi mchana Baba anasinzia ukutani kama jogoo mgonjwa. Usiku ndio anaamka. Anafunga majani makavu kuwa kienge, anakiwasha jikoni, anatoka. Anakwenda kurina asali! Unajua kurina ni kazi ya giza, na mizinga yake bado iko kule msituni, kwa hiyo kwake mambo yote yako sawasawa. Mzee na moto wake anauelekea msitu wa wapiganaji, Emajensi hii ya vita!

Cheka kidogo, halafu sikiliza. Kabla ya kwenda msituni anapitia mnarani kumwamsha Nthiga. Si unamkumbuka Nthiga, yule aliyekuwa akimshikia Baba kamba chini ya mti tangu alipokuwa hajaota ndevu? Leo ndiye mkubwa wa homgadi wote hapa. Baba anasimama chini ya mnara na kuita, "Nthiga mwanangu, shuka, nyuki wametulia." Na Nthiga anashuka! Anazima kienge kwa kiatu, anamshika Baba mkono, anamrudisha mpaka kitandani.

Wiki iliyopita Nthiga hakuwa zamu. Zamu ilikuwa ya homgadi mwingine, Kithaka. Huyu analenga kama anavyosoma, ndiyo sababu bado tuna baba. Risasi ilipita ikaua mbuzi wa jirani. Mimi nikaruka nje nikipiga kelele, "Ni mzee! Ni mzee!" wakanipokea kwa rungu. Jino likabaki pale. Nililitafuta asubuhi, nikaambiwa kuku ameshameza.

Nthiga aliniita pembeni akaniambia, "Mlaze baba yako. Siku nyingine sitakuwa juu mimi."

Majirani wanasema ni kiapo kimemshika, eti alikula kiapo cha watu wa msituni halafu akakitaja, wanataka tumchinjie mbuzi. Mimi naona jambo jingine, na macho yangu unayajua. Akipata usingizi usiku, hata kidogo, asubuhi ananiita Gichovi. Asipolala ananiita kwa jina la ndugu yake aliyekufa kwa njaa zamani, na ananiuliza kwa nini nimenenepa.

Wewe uko na madaktari. Nitumie dawa. Kaka Munyi yuko kulekule msituni, hajambo, hana kalamu tu, ana miti.

Ni mimi,
Gichovi, mshauri wa homgadi kwa mambo ya Kiswahili


Meru mjini
15 Februari 1955

Kwako Gichovi, bingwa wa kurudia darasa,

Barua nimeipata ikiwa nyeupe kwa unga. Jino lako limeniuma mimi. Safari nyingine piga kelele ukiwa ndani.

Ni kweli namwaga mabeseni. Anayemwaga ndiye anayepita asubuhi kabla ya kila mtu, kwa hiyo naona. Tulikuwa na mzee mmoja wa huku, alikuwa akiuza viazi vikuu soko la Gakoromone. Akikosa usingizi, asubuhi nikimpa kijiko alikuwa anakishika kwa upande wa kulia chakula. Akilala, alikuwa ananiuliza bei ya viazi. Nikamuuliza daktari. Alisema ni ugonjwa wa ubongo, huja na uzee lakini si uzee wenyewe. Huanza kwa kula mambo ya jana, ya zamani huyaacha mwisho. Usingizi huharibika mapema, na ukishaharibika ubongo nao unachakaa haraka zaidi. Dawa ya kuuponya hakuna. Vidonge vya kulaza alininyima. Alisema mzee wa namna hiyo akivimeza huamka amelewa na kuanguka, na akili inapotea zaidi.

Kwa hiyo dawa ni wewe, masikini Baba. Usimwache asinzie mchana, hata akikutukana. Asubuhi mkalishe nje jua limpige usoni. Mpe kazi ya mikono. Ugoro anyang'anywe mchana, usifike jioni. Jioni mpe uji wa moto, moto wa jikoni upunguzwe, na alale saa ileile kila siku. Mambo ya kiapo waambie majirani wamle mbuzi wao wenyewe, si alishauawa?

Huo ndio mwanzo wa ugonjwa, Gichovi. Akilala vizuri tunaweza kuwa naye muda mrefu bado.

Jambo jingine. Ukiandika juu ya maharagwe unaandika ukurasa. Juu ya Munyi umeandika mstari, na umetia mzaha. Mimi nimekubeba mgongoni, naijua mizaha yako. Niambie.

Pasi ya kuja huko nimeomba tena. Wamekataa tena.

Dada yako,
Jedidah


Manyatta
2 Machi 1955

Dada Jedidah,

Nivulie kofia! Daktari wako alikueleza kwa maneno, mimi nimefanya. Kazi ya mikono umesema? Nimempeleka Baba handakini.

Usipige kelele kwanza. Kila asubuhi kijiji kizima kinachimba kupanua handaki, wazee peke yao wameachwa. Nikamwambia Baba, "Twende tukachonge mzinga mkubwa," akachukua jembe. Msimamizi anatembea juu na kiboko. Siku ya kwanza alimpiga mama mmoja mjamzito mpaka akalala kwenye udongo wenye damu, tukaambiwa tuchimbe kumzunguka. Baba alisimama akasema, "Kijana, mama yako alikuzaa kwa haja kubwa." Akapata viboko vya mgongo. Mimi nikacheka nikapata vyangu. Lakini jioni alikunywa uji, akalala mpaka kukapambazuka! Akalala na kesho yake. Kienge hakuna, mnara hakuna.

Na asubuhi, dada, ni kama mtu amefungua dirisha. "Gichovi, mbona jino?" Nikamwambia. Akacheka mpaka akakohoa. Akanieleza namna ya kuchagua mti wa mzinga, namna ya kujua nyuki wakali kwa sauti kabla hawajakugusa, mambo ambayo hakuwahi kunieleza kwa sababu alikuwa akimweleza Munyi.

Sasa Munyi. Kaa chini. Kama umeshika beseni liweke.

Munyi amekufa. Ni mwezi wa kwanza, kabla sijakuandikia. Nthiga aliongoza doria msituni, wakakuta watu wanaota moto. Risasi iliyomwangusha ni ya Nthiga, homgadi wenzake walimwimbia njiani. Walipomgeuza ndipo Nthiga alipomwona uso. Hakusema jina. Mpaka leo hajalisema kwa mzungu yeyote, na hilo ndilo limetuacha hai, maana nyumba ya mtu wa msituni wanaichoma na waliomo wanapelekwa kambini.

Walimleta Manyatta mbele ya Landirova wamemfunga kama mzigo wa kuni. Wakamlaza juu ya meza ya muuza nyama pale sokoni. Shavu moja halikuwapo. Wakatupanga mstari, kila mtu apite, aangalie, na Bwana Shauri, yule mzungu wa serikali, amekaa kwenye kiti akitazama nyuso zetu, anayelia ndiye mwenye maiti. Nilimjua kwa kile kidole cha mkono wa kushoto kilichopinda. Dada, nilipofika mbele yake nilipiga mwayo. Mkubwa, wa mdomo wazi. Bwana Shauri akaniambia, "Wewe mvivu, pita."

Baba alikuwa nyuma yangu. Hakuwa amelala siku nyingi. Alimwangalia, akamwambia Nthiga, "Mbona mnamwacha huyu kijana na nzi?" Akampungia nzi kwa kofia yake, akapita. Hakumjua. Nikasema moyoni, ahsante ugonjwa.

Lakini sasa analala. Juzi alisimama na jembe katikati ya handaki akaniuliza, "Yule kijana wa mezani, kidole chake kilikuwaje?" Nikasema sikuangalia. Leo asubuhi amesema, "Munyi hajapita nyumbani siku nyingi." Halafu akaniangalia, akala uji polepole.

Anakuja, dada. Kila akilala anasogea. Akifika pale mezani atasema ni wangu, kwa sauti, na unamjua Baba, hatasema tu. Asipolala atatoka na kienge, Kithaka atapata siku yake ya kulenga vizuri. Nimlaze au nimwamshe? Jibu upesi. Mzaha sina leo.

Gichovi


Meru mjini
9 Machi 1955

Gichovi,

Nimelia kwenye chumba cha kufulia, mashine inapiga kelele, hakuna aliyesikia. Nilipotoka nikaambiwa nina macho mekundu, nikasema ni sabuni.

Ulibeba hili peke yako tangu mwezi wa kwanza na ukaniandikia habari za kuku. Sijui nikukumbatie au nikuzabe kofi.

Swali lako tutalijibu pamoja. Usimwambie Baba kitu mpaka nije. Nitakwenda tena kwa karani wa pasi, nitalala mlangoni kwake. Ningoje.

Jedidah


Manyatta
20 Machi 1955

Dada,

Nimengoja mpaka nimechoka. Burale ameniambia karani wako amewafukuza watu wote mlangoni kwa kuwaachia mbwa. Basi nimeamua mwenyewe.

Nilikuwa na akili, au niliona ninayo. Nikasema, Baba akiwa hakumbuki hatajiponza, na asipotoka nyumbani hatauawa. Kumbe dawa ni kumnyima usingizi na kumfungia ndani! Daktari wako hakufikiria hilo. Nikamrudishia ugoro, nikampa na wa jioni. Nikamwacha asinzie ukutani mchana kutwa. Usiku nikamfunga mguu wake na wangu kwa kamba ya mizinga, na kila akianza kukoroma nilimtikisa. "Baba, hadithi! Baba, panya! Baba, nyuki!" Niligonga sufuria. Mwanzoni alicheka. Aliimba. Nikajiambia, Gichovi, wewe ni mkubwa wa hospitali.

Munyi alimtoka upesi. Asubuhi ya tatu au ya nne hakuuliza tena kidole. Nikafurahi.

Lakini mambo hayakuishia hapo, dada. Ni kama kuvuta uzi wa kikapu. Amesahau njia ya kufunga shuka. Anajikojolea, halafu ananiona mimi ndiye nimemwaga maji. Kijiko anakishika kinyume, kama mzee wako wa Gakoromone. Macho yamekuwa mekundu. Juzi nilipomtikisa aliniuma mkono hadi damu, akapiga kelele kuwa mwizi amemfunga. Alinipiga kwa jiwe la kusagia, karibu anipasue kichwa. Nikamrudishia, dada. Nilimpiga Baba kofi. Akaanguka, akakaa chini akilia kama mtoto, akimwita mama yake.

Kithaka alisikia kelele, akavunja mlango. Akamkuta Baba na kamba mguuni, akadhani mzee anataka kutoroka, akampiga rungu la goti. Sasa anachechemea. Nthiga alikuja nyuma yake, akamtoa Kithaka kwa teke. Akaitazama kamba, akanitazama mimi. Akaniuliza, "Unafanya nini?"

Nikamwambia ukweli kwa sababu nilikuwa nimechoka. "Akilala anamkumbuka Munyi."

Nthiga aliinama akafungua fundo yeye mwenyewe. Akasema, "Afadhali angekuwa ananiamsha kwenda kurina." Akaondoka.

Sijalala na mimi. Naona nyuki ukutani mchana. Niambie la kufanya, hata kama ni baya.

Gichovi


Meru mjini
27 Machi 1955

Ewe Gichovi,

Kamba itupe jikoni sasa hivi, iungue, ndipo uendelee kusoma.

Unaelewa ulichokuwa ukifanya? Risasi inaua mara moja. Wewe ulikuwa unamuua kila usiku, kidogo, ukimshika mguu. Kila usiku unaomwibia ni kipande cha Baba ambacho huenda hakirudi. Usingizi akirudishiwa, baadhi ya akili itarudi, daktari amesema hivyo, baadhi, si yote. Kila unapochelewa inapungua.

Najua ulikuwa unamlinda. Nimekaa na barua yako siku nzima nikitafuta namna ya kukukasirikia vizuri, nimeshindwa. Lakini nisikilize. Unasema tuchague, afe akijua au aishi bila kujua. Huyo anayeishi bila kujua, anayelilia mama yake na anayeuma watu, ni nani? Baba yetu amemfukuzia mwanawe nzi bila kujua ni wake. Mimi ningekuwa Baba, halafu nigundue kuwa watoto wangu walininyima usingizi ili nisimlilie mtoto wangu, nisingewasamehe.

Mwache alale. Ugoro uishie mchana, uji jioni, jua asubuhi, kama tulivyosema. Akiuliza, mwambie. Akitaka kulia, funga mlango, mlie pamoja ndani ya blanketi, kimyakimya. Mshikilie mikono. Zaidi ya hapo hatuna nguvu.

Kama kuna baya litakalotokea, ni mimi niliyesema, si wewe.

Jedidah


Manyatta
14 Aprili 1955

Dada Jedidah,

Burale atakuwa ameshakwambia kwa mdomo. Msomali huyo hawezi kuificha habari hata akiilalia. Lakini hakuwapo. Mimi nilikuwapo.

Baba alilala. Mwanzo alilala mchana na usiku kama mtoto mchanga, halafu usiku peke yake. Nilikuwa nakaa mlangoni kumsikiliza akikoroma, sauti nzuri kuliko kengele ya kanisa. Kijiko akakishika sawa. Akanijua. Na asubuhi ya Jumanne alikaa kitandani, akaniambia bila kuzunguka, "Gichovi, yule alikuwa Munyi."

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Hakulia. Nilikuwa nimeweka blanketi tayari, kama ulivyosema. Akauliza, "Ni nani?" Nikasema ni homgadi tu, wengi. Akasema, "Unadanganya vibaya, ulitoa wapi sifa ya udanganyifu? Ni Nthiga. Huyo hunishika mkono kama mtu aliyevunja chungu cha watu."

Siku ile alichimba kama kijana. Jioni alikunywa uji akaomba wa pili. Akalala, dada, usiku kucha, hakugeuka hata mara moja. Alfajiri alinitaka nimnyoe kichwa. Nikamnyoa nikimtania kwamba anatafuta mke. Akasema, "Mke wa nini, na wewe hujui hata kunyoa." Tukacheka wote wawili. Sikumwona akitoa ile tezo ya kuchongea mizinga kwenye nyasi za paa. Mimi mwenye macho!

Watu walikuwa wamepangwa mstari wa kuitwa majina. Nthiga akapita kama kawaida yake, akasimama mbele ya Baba. "Umelala, Baba?"

Baba akasema, "Nimelala, mwanangu."

Akampiga. Tezo iliingia kati ya shingo na bega na kukwama kwenye mfupa, niliusikia. Nthiga aliinua mkono, Baba akaichomoa akapiga tena, vidole viwili vikadondoka kwenye udongo. Damu ilimrukia Baba usoni hadi kwenye kichwa nilichokinyoa. Akina mama walikimbia, wengine wakaanguka handakini juu ya vijiti, mmoja alitobolewa paja. Kithaka alimfikia Baba kwa kitako cha bunduki. Mbavu zilivunjika nikiwa nasikia. Akampiga mdomo. Akageuza bunduki ammalize.

Na Nthiga, aliyelala chini akishikilia shingo yake isitoke, akapiga kelele, "Usipige! Usipige! Hana akili huyo! Hajui anachofanya!"

Baba akatema meno. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mnarani, "Akili ninazo. Nimelala vizuri. Wewe umemuua mwanangu Munyi, na mimi nilikufundisha kushika kamba."

Bwana Shauri alifika, akaruka chini Landirova ikiwa bado inatembea. Akataka mti na kamba papo hapo, halafu akakumbuka sheria. Akamuuliza Nthiga, wakati wanamfunga vitambaa, Munyi ni nani. Nthiga akasema, "Hakuna mtu huyo. Mzee huyu amerukwa na akili, kijiji kizima kinajua, hutembea usiku akitafuta asali." Majirani wote wakaitikia, ndiyo, ndiyo, kiapo kimemshika. Kwa mara ya kwanza nikalipenda lile neno.

Ndipo Bwana Shauri akanigeukia. "Wewe ni mwanawe. Ana akili au hana?"

Jedidah, nikisema anazo, ni kitanzi. Na Baba ananiangalia, uso umejaa damu, macho yake safi kama maji ya mto asubuhi. Nilimrudishia akili hizo mimi, usiku kwa usiku. Nikasema, "Hana, afande. Hana hata kidogo."

Bwana Shauri akamwinua Baba kidevu kwa fimbo. "Mzee, huyu ni mwanao?"

Baba aliniangalia. Alichukua muda, kama mtu anayechagua mti. Akasema, "Simjui huyu. Nilikuwa na mwana mmoja, mmemuua."

Bwana Shauri akacheka. Akawaambia wenzake, oneni, hajui hata mtoto wake mwenyewe. Akaandika. Kwa hiyo hakuna kitanzi, anapelekwa hospitali ya Meru na mnyororo, daktari amchunguze kichwa. Nthiga naye ataishi, wanasema, mkono ndio hautafanya kazi. Mimi sijaguswa. Nyumba haikuchomwa.

Lakini hakuwa amekosa usingizi, dada! Alikuwa amelala usiku mzima, na nilimnyoa mwenyewe. Ananikana akiwa na akili zake zote, kwa sababu nilisema hana. Kijiji kinanipongeza, wananiambia nimemwokoa baba yangu. Ninapita nyuma ya nyumba wasinione.

Atakuwa kwako. Mwache alale vizuri, halafu muulize asubuhi ana watoto wangapi. Jibu lolote niandikie kama lilivyo. Usilipunguze.

Gichovi


Meru mjini
29 Aprili 1955

Gichovi,

Amefika. Yuko wodi ninayoifagia mimi, amefungwa mnyororo kwenye mguu wa kitanda, na askari mlangoni. Sikusema kuwa ni baba yangu. Mimi ni mfagiaji tu, naye ni mwendawazimu wa Embu.

Siku za kwanza sikuweza kukuandikia, kwa sababu hakukuwa na cha kuandika. Askari alikuwa akimwamsha kila mara kwa buti kuangalia mnyororo. Hakulala. Mbavu zinamuuma akivuta pumzi. Aliniita mama, aliniita shangazi, aliniuliza kama nyuki wametulia. Nilimwosha uso nikatoka nje.

Jana nilimletea yule askari chai yenye sukari nyingi na mkate, nikamwambia mwendawazimu aliyelala hatoroki. Akaona ni maneno ya maana. Nikampa Baba uji, nikafunga pazia. Amelala usiku wote.

Leo asubuhi nilipoingia na beseni akasema, "Umekonda." Nikajua amerudi. Nikaanza kumwosha mikono, nikamuuliza kwa Kiembu, kama mtu anayepoteza wakati tu, "Mzee, una watoto wangapi?"

Akasema kwa sauti kubwa, "Nilikuwa na mmoja. Amekufa."

Beseni liliniponyoka kidogo, maji yakamwagika kitandani. Ningeacha hapo, nikuandikie hilohilo, maana ulitaka jibu lisilopunguzwa. Lakini askari alitoka kwenda kujisaidia. Baba akageuza kichwa akasikiliza buti mpaka zikafika mbali. Halafu akanishika mkono, Gichovi, kwa nguvu, mpaka nina alama.

Akasema, "Jedidah, usiniulize mambo hayo mtu akiwa mlangoni. Yule mtoto hawakumchukua?"

Nikasema hawakumchukua.

Akavuta pumzi, ikamuuma, akangoja ipite. "Ana mdomo mrefu, na ni mwongo asiyejua kudanganya. Mwambie alisema vizuri. Mwambie asiwe mwanangu mpaka hao wenye bunduki waondoke."

Dada yako,
Jedidah